Rafiki kanizidi dola moja kwenye mnada, je kaniibia?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi niko Tanga, nakusanya sarafu za zamani hasa za wakati wa Mjerumani, nilianza na sarafu ya pesa moja ya 1891 niliyoikuta kwenye kikopo cha vifungo cha bibi na toka hapo sijaweza kuacha. Tuna grupu letu la WhatsApp watu tisa, wako Dar, Mombasa, Zenji na mmoja yuko Maskati. Mwezi uliopita nikaona eBay, ule mnada wa mtandaoni, sarafu ya hela 20 (heller ya Mjerumani) iliyofyatuliwa Tabora 1916, muuzaji yuko Ujerumani kaandika tu sarafu ya koloni basi, hata picha ina ukungu. Nikapiga skrinishoti nikairusha kwenye grupu na linki yake nikauliza wakubwa, hili taji ni lile kubwa au lile dogo, na hizo L za neno HELLER zimejikunja ncha au zimechongoka, manake kuna aina moja sina. Kaka mmoja tunayemheshimu sana humo ndo akajibu, hiyo ya kawaida mdogo wangu, usivuke dola 20. Nikaweka 20. Baadae roho ikakataa nikaongeza 25, usiku wa mwisho nikafika 31, nimekaa na simu mkononi, zimebaki sekunde sita naona nimepitwa, imeenda 32. Dola moja mzee! Juzi kaka huyohuyo kaweka picha ya sarafu ileile, mkwaruzo chini ya mwaka ni uleule, anasema hatimaye nimeipata. Nimemfata inboksi kanijibu mnada ni mnada. Grupu limegawanyika. Je kaniibia? Na huku kuvizia sekunde za mwisho si uhuni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo dola moja manake naona ndo inakuuma kuliko inavyostahili. Hukupitwa kwa dola moja. Mnada wa eBay unakwenda hivi, unaandika kiwango chako cha juu kabisa, mtambo unakificha, alafu unakupandishia wenyewe kidogo kidogo kila anapotokea mwingine, unasimama hatua moja tu juu ya yule wa pili. Kwa bei kama zile hatua ni dola moja. Kwa hiyo ile 32 uliyoiona ni 31 yako wewe ukijumlisha hatua. Yeye huenda aliandika 45, huenda 120, hutajua na wala haikuhusu. Watu wangapi wamelala na hasira usiku wa manane wakisema laiti ningeongeza moja tu, na kumbe wangeongeza thelathini na bado wangepitwa.

Hili la kuvizia sekunde za mwisho eBay wenyewe wanaliruhusu, hata kwa programu inayokutupia dau ukiwa umelala. Wachumi wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, mwaka 2002 walitoa utafiti wakilinganisha eBay na minada ya Amazon ya enzi hizo, ambayo ilikuwa ikisogeza muda mbele kila mtu akipanda dau mwishoni. Kule watu hawakuwa na haja kubwa ya kuvizia. Kwenye eBay saa ikifika imefika, basi wazoefu wanasubiri mpaka dakika za lala salama. Yaani kanuni ndo iliyofuga tabia, usimlaumu mtu peke yake.

Na mviziaji anampata vizuri mtu wa aina moja, yule anayepanda kwa vijiko, leo 20, kesho 25, keshokutwa 31. Samahani mwanangu ila ndo wewe. Kama moyoni sarafu ile kwako ilikuwa na thamani ya dola 60, ungeandika 60 mara moja ukaenda kulala, aje wa sekunde sita aje wa sekunde moja ingebidi avuke 60 au akuachie, na wewe ungelipa tu hatua moja juu yake. Profesa William Vickrey aliandika mwaka 1961 kwamba kwenye mnada ambao mshindi analipa bei ya wa pili, dau bora ni lile la kweli, na miaka mingi baadae, 1996, akapewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba wauza stempu wa Marekani walishakuwa wanaendesha mnada wa hivyo kwa barua toka 1893, watu wa hobi wametangulia maprofesa hapo.

Haya, sasa kwenye lenyewe. Kupanda dau juu ya rafiki sio wizi. Masheikh wetu wa pwani wanatufundisha mtu asinunue juu ya ununuzi wa nduguye, na najua kwenye grupu lenu lazima kuna aliyelitaja hilo, lakini walewale wanatofautisha. Makatazo ni pale bei imeshakubaliwa, mmeshaelewana na mwenye mali, alafu mwingine anajipenyeza. Mnada ni mlango mwingine. Kuna hadithi inayojulikana ya Mtume kumuuzia Answari mmoja fukara tandiko na kikombe chake, mtu akasema dirhamu moja, akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili akachukua. Aliyetoa mbili hakuambiwa kamdhulumu wa kwanza.

Ila kaka yako alifanya mawili, alipanda dau na alikujibu swali. Hayo usiyachanganye. La kwanza halali yake. La pili ndo lenye mushkeli. Wewe ulimwendea kama mjuzi, ukaazima macho yake kwa sababu humwamini muuzaji wala hujiamini mwenyewe, akakwambia ya kawaida usivuke 20, na bei ile ndo ukaanza nayo. Kama wakati anaandika hivyo alishajua sio ya kawaida na alishaitaka, hapo kakudanganya, na sekunde sita hazina uhusiano wowote, hata angeweka dau lake siku tano kabla ingekuwa ni uongo uleule.

Lakini kuna njia nyingine huenda ndo imetokea na mi nisingeifunga haraka. Picha ina ukungu umesema mwenyewe. Sarafu za Tabora zilifyatuliwa vitani kwenye karakana ya reli, Mwingereza kafunga bahari hakuna kinachoingia, kwa hiyo mihuri yake haikuwa ya kiwanda cha Berlin, hata kwa kioo cha kukuzia unaweza kubishana na nafsi yako nusu saa taji hili ni lipi. Huenda alikujibu kwa nia njema, usiku akafungua tena, akaona. Kama ni hivyo alikuwa na deni dogo tu, kurudi kwenye grupu aseme jamani nimeangalia tena nilikosea, na mimi naitaka. Sentensi moja. Baada ya hapo apande hata mia tatu.

Kwa hiyo muulize hilo moja tu, ulipokuwa unanijibu ulishaitaka? Usimwombe sarafu wala usimwombe akuuzie kwa 32, hana wajibu huo.

Alafu nikuguse na wewe kidogo, usikasirike. Ulifurahi uliposoma muuzaji kaandika sarafu ya koloni bila maelezo, si ndio? Ulifurahi kwa sababu hakujua anachouza. Mi silaumu, kujua ndo mtaji wetu wa pekee sisi tusio na hela (na hela hiyohiyo ndo hiyo heller ya Mjerumani unayoikusanya, neno limebaki mdomoni mwetu sarafu zikaenda kwenye vikopo). Ila mtazame yule Mjerumani kwa upande wake. Kwake yeye kaka yako ndo mtu aliyemfaa zaidi siku ile, manake bila mjuzi wa pili angeiuza kwa 20 yako ya kwanza au chini ya hapo. Mnada unamlinda asiyejua pale tu wajuzi wanapokuwa wawili na hawajapatana.

Na ukishaweka linki kwenye grupu la watu tisa wote wanatafuta kitu kimoja, umeshapiga mbiu ya mgambo. Siku nyingine kata picha ubakize taji na herufi, uliza bila linki, au mtafute mtu mmoja asiyekusanya za Mjerumani. Mi nina jamaa yangu anakusanya zile za senti zenye tundu tu, hasa za 1936 zenye jina la mfalme wa Uingereza Edward wa 8, huyo namuonyesha kila kitu na yeye ananionyesha chake, hatujawahi kugombana.

SWALI: Mhariri habari. Baada ya ugomvi kama huo uliotokea kwetu pia, admini wa grupu letu hapa Mombasa kapendekeza tuwe na zamu, akiita mtu sarafu basi wengine hawagusi, na anayeachiwa achangie elfu kidogo kwa waliomwachia. Si ndo udugu huo?

JIBU: Nzuri tu dada. Nusu ya kwanza inavumilika, nusu ya pili hapana kabisa. Mtu akisema hii naitafuta miaka mitatu, ukamwachia kwa mapenzi yako, huo ni ubinadamu na hakuna wa kukushika. Mi mwenyewe nishawahi kupandana na rafiki bila kujua, majina yamefichwa kwa vinyota, tumeitoa sarafu dola 12 mpaka 47 alafu tunakuja kuambizana kwenye kahawa. Tulicheka lakini kwa uchungu.

Ila mkishaanza kulipana ili watu wasipande, hapo mnagawana fedha za muuzaji. New York wauza stempu 11 walifanya hivyo zaidi ya miaka 15, mpaka miaka ya 1990. Wanafanya mnada wao wa siri kwanza, anayeshinda ndo anaachiwa huko kwenye mnada wa kweli, alafu wanagawana tofauti. Ikawafikisha kwenye mikono ya sheria. Na Uingereza wana sheria ya toka 1927 inayomkataza mfanyabiashara wa mnadani kumpa mtu chochote ili asipande dau. Wenye mali zinazoingia minadani mara nyingi ni wajane na watoto wa mkusanyaji aliyefariki, hawajui kitu. Mwambie admini afute ule mchango.

SWALI: Nauza noti zangu za zamani mtandaoni na dau halipandi, shemeji anaweza kunitupia dau mbili tatu kuwachangamsha?

JIBU: Hapana. Hiyo ya kupandisha dau bila nia ya kununua inaitwa najash, kwenye dini imekatazwa kwa jina lake, na eBay nao wanaikataza. Mwaka 2000 kuna mchoro ulipanda hivyohivyo mpaka dola 135,805, ikagundulika muuzaji kajipandishia mwenyewe, mauzo yakafutwa na mwaka uliofuata watu watatu wakashtakiwa. Kama unaogopa ziende kwa bei ya kutupa weka bei ya kuanzia ya juu, na upige picha nzuri mchana dirishani, pande zote mbili, na namba ya noti isomeke.