Bata anaogelea, kuku yuko chali

Nasoma kwamba mafua ya ndege yakiingia bandani kuku hukwisha siku chache tu, bata wanadunda. Kwa nini? (Mfugaji, Kibaha)

Bata ana jeni iitwayo RIG-I. Protini yake ni mlinzi wa zamu ndani ya seli: ikigusa RNA ya kirusi (maelekezo yake ya urithi) inapiga mbiu, na kinga inaamka mapema. Kuku hana jeni hiyo. Ukoo wake uliipoteza. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada waliitia jeni ya bata kwenye seli za kuku maabara, na virusi vikapungua. Lakini usimwamini sana bata. Baadhi ya aina za H5N1, kirusi cha mafua ya ndege, humuua, na yule mzima anayekunya virusi bwawani ndiye jirani mbaya zaidi.

Jeni inajuaje kwamba ibadilike?

Haijui chochote. Vifaranga huzaliwa na tofauti ndogondogo. Wanaokufa hawatagi, waliobaki ndio wazazi wa kesho. Kirusi nacho hakilali, kwa hiyo mabadiliko hurundikana pale pale protini inapokabana nacho. Mfano ni jeni za kinga ziitwazo MHC: kuku wenye aina ya B21 huhimili Marek, ugonjwa wa virusi wa kuku, kuliko wenye B19. Mbona wote wasiwe B21? Kwa sababu kufuli likiwa moja kijiji kizima, mwizi anahitaji ufunguo mmoja tu.

Kuku wangu watatu walipona mdondo. Nizalishe hao, niache chanjo?

Hapana, ndugu yangu. Huenda ni bahati tu. Kingamwili ambazo mama hupitisha kwenye kiini cha yai huisha wiki chache baada ya kifaranga kuanguliwa. Zalisha hao ukitaka, ila tone la I-2, chanjo ya mdondo, jichoni kila miezi mitatu liendelee.

Eti Waingereza wametengeneza kuku asiyeugua mafua?

Karibu. Kirusi cha mafua huazima protini ya kuku, ANP32A, ili kijinakili. Mwaka 2023 Taasisi ya Roslin ya Edinburgh ilieleza jinsi ilivyoihariri jeni yake. Kuku 10 waliohaririwa walipewa dozi ya kawaida ya kirusi, 9 hawakuambukizwa. Dozi ilipozidishwa mara 1,000, 5 kati ya 10 waliambukizwa, na kirusi kilichotoka kwao kilikuwa kimeshabadilika, kikajifunza kuazima hata protini ndugu za ANP32A, yaani ANP32B na ANP32E.