Maswali na Majibu: Kabla Hujalipia Mashua ya Tanga Iliyotumika

Nimepata yoti ya faiba ya futi 28, ya mwaka 1979, iko majini hapa Kisumu. Mwenyewe anarudi kwao Uingereza na anataka milioni moja na nusu. Bei ni nzuri? – Msomaji, Milimani

Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara linakuja hivihivi: urefu, mwaka, bei, basi. Neno moja kuhusu mkuku, ule uti wa chini ya mashua, hakuna, wala mlingoti. Mashua haina bei mpaka itoke majini. Ipandishwe nchi kavu kwa gharama yako, na muuzaji akikataa, achana naye siku hiyohiyo.

Ikishapanda, anza chini. Faiba hunyonya maji, na maji baridi kama ya ziwa letu hupenya kwa urahisi kuliko ya chumvi, kwa hiyo utaona malengelenge. Yakiwa machache, ni sababu ya kupunguza bei, si ya kukimbia. Tazama mahali mkuku unapoungana na mwili: mstari wa kutu unaochuruzika hapo unakwambia bolti zinaliwa. Inua mbao za sakafu ndani uzione nati zenyewe. Pima pia kina cha mkuku. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi upande wa Kisumu, na mashua inayozama mita mbili itakuwa inalima tope.

Sasa panda kwenye sitaha na bisibisi. Gonga kwa mpini wake, hatua kwa hatua, kuanzia omo, yaani mbele, hadi nyuma. Penye uzima utasikia mlio mkavu, ko, ko. Palipooza mlio unakufa chini ya mkono, na ukikanyaga panabonyea. Mashua nyingi za miaka ile zina mti laini wa balsa kati ya ngozi mbili za faiba, na maji huingia kupitia matundu ya skrubu za vyuma vya kushikilia. Watu hushtushwa na malengelenge ya chini wakaisahau sitaha, ilhali kuitengeneza ni kazi ya miezi.

Waya za kushikilia mlingoti hubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15 hata zikiwa zinang'aa. Ulizia risiti. Ukikosa risiti, zihesabu kuwa mfu na uzitoe kwenye bei. Kwenye tanga, kwaruza mshono kwa ukucha: jua la ikweta huua uzi kabla ya kitambaa.

Kisha tenga angalau theluthi ya bei kwa matengenezo. Aliyemaliza pesa zote kwa kununua ataiacha ioze palepale alipoikuta, na ufuo wetu una mashua za namna hiyo tayari.

Naishi Nakuru. Naweza kuiweka Ziwa Nakuru? – Msomaji, Section 58

Hapana. Ziwa lile liko ndani ya hifadhi ya taifa. Fikiria Naivasha, na uwaogope viboko wake.

Nikinunua Mombasa, naweza kuileta Kisumu kwa maji?

Wasomaji watatu wameuliza hili kwa pamoja. Nawaomba mfungue ramani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na maji yake hutokea Jinja tu, kwa mto Nile, penye mabwawa ya umeme na maporomoko. Mashua inakuja kwa lori, mlingoti umeshushwa, na ikiwa pana kupita kiasi cha barabara unahitaji kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ambalo hamkuuliza ndilo la hatari zaidi: siku ya kuusimamisha mlingoti, tazameni juu. Alumini ikigusa waya wa umeme, inaua kila aliyeishika.

Fundi wa Lamu ananiuzia mashua ya mbao. Ziwani itadumu? – Mama wa watalii, Mbita

Mama, itadumu ukiitunza tofauti na walivyoitunza kule. Chumvi huhifadhi mbao, maji baridi huziozesha. Mdudu wa baharini anayetoboa mbao hataishi ziwani, lakini matundu aliyoacha yatabaki, kwa hiyo chunguza ubao wa chini mmoja mmoja. Adui wako mpya ni mvua. Uozo utaanzia juu, kwenye vichwa vya mataruma, zile mbavu za mashua, na pembe ambazo maji hutuama. Choma hapo kwa ncha ya kisu. Kikizama bila nguvu, ubao umekwisha, hata rangi ikiwa ya jana. Nasisitiza rangi kwa sababu mabroka wetu hupaka kwanza, kisha ndio wanapiga simu.

Safarini mbao zitakauka na kuachana. Ikifika itavuja. Izamishe kwenye maji mafupi siku kadhaa zivimbe, kisha fundi atie kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa, palipobaki wazi.

Muuzaji hana karatasi ila makubaliano ya mkono. Nilipe? – Usenge

Usilipe. Nenda BMU, kamati ya usimamizi ya ufuo ilikokuwa ikifanya kazi, uliza mwenyewe ni nani. Linganisha namba ya injini na ya risiti, maana injini zinaibwa ziwani humu. Halafu ulizia cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari, KMA.

Nina tanga zuri. Injini ya nini? – Dunga

Wavuvi wa Dunga hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu na kurudi alasiri na upepo wa ziwa, bila injini, vizuri kabisa. Lakini dhoruba ya ghafla haifuati ratiba hiyo, na gugumaji likisukumwa na upepo linaweza kufunga bandari kwa usiku mmoja. Uwe nayo, hata ndogo. Kabla ya injini nunua jaketi okozi, moja kwa kila kichwa, na zivaliwe, zisifungiwe chini ya kiti. Kila mwaka tunazika watu waliozama wakiwa na jaketi mashuani.

Kuhusu gugumaji lenyewe: mizizi yake huziba mahali injini inaponyonya maji ya kupozea. Tazama kila mara kama maji yanatoka. Yakikoma, zima papo hapo, inua injini, ukate mizizi kwa kisu kabla hujawasha tena.