Ndege imekaribia kutua Entebbe halafu ikapaa tena

Wasomaji wameniuliza sana kuhusu ndege kukatisha kutua, nachukua maswali manne.

Tulikuwa tunashuka Entebbe alfajiri, ghafla injini zikanguruma tukapanda tena. Tulitaka kuanguka? (Mukono)

Hapana ndugu yangu, rubani alikuwa anawatoa kwenye hatari mapema. Saa hizo radi na mvua juu ya Ziwa Victoria ni kawaida, sasa upepo ukigeuka ghafla ama ranwei isionekane, haruhusiwi kubahatisha. Anaongeza nguvu ya injini, anainua pua, anapunguza flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa, hatua moja, akihakikisha ndege inapanda kweli ndio anakunja magurudumu, na njia ya kupita ilishachorwa kwenye ramani yake kabla hajaanza hata kushuka. Kapteni akikaa kimya dakika kadhaa msimlaumu jamani, kwanza arushe ndege, matangazo baadaye.

Nani anaamua, mnara wa kuongozea ndege ama rubani? (Gulu)

Yeyote. Mnara ukiona ndege nyingine bado iko ranwei utaamuru, lakini mara nyingi ni rubani, na msaidizi wake naye lazima asikilizwe. Hili linaniuma. Mangalore kule India, 2010, ndege ilishuka ikiwa juu mno, msaidizi akasema wakatishe, akarudia, kapteni akaendelea tu, mwisho akajaribu kupaa akiwa ameshachelewa na watu 158 wakafa. Kampuni nyingi zimeweka mpaka: ukifika futi 1,000 juu ya uwanja ndani ya mawingu na kasi haijakaa sawa, unapaa, hakuna kubishana.

Mafuta hayataisha wakizunguka? (Jinja)

Yanahesabiwa kabla ya safari: ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine, tuseme Nairobi ama Kigali, na kwa jeti akiba ya dakika 30 juu yake.

Magurudumu yakishagusa bado anaweza kupaa? (Mbarara)

Anaweza, ila akishafungua rivasi za injini, zile zinazosukuma hewa mbele ili ndege ipunguze mwendo, anabaki chini. Dubai 2016, Boeing 777 iligusa ranwei wakaamua kupaa, kumbe swichi ya kuongeza nguvu haifanyi kazi ndege ikishagusa, injini zikabaki zimelala, magurudumu wakayakunja na ndege ikarudi chini kwa tumbo. Watu wote 300 waliokuwa ndani walitoka hai, zimamoto mmoja akafa. Ndiyo maana hapo rubani anasukuma lever za injini kwa mkono wake na kusoma geji kwanza, magurudumu hayakunjwi mpaka ndege ipande.