Kuku wa inasal: usimlaze kwenye siki usiku kucha

Mara ya kwanza kupika inasal, kuku wa Kifilipino anayechomwa kwa vijiti juu ya mkaa, nilimloweka kuku jioni, nikamtoa kesho yake adhuhuri. Nilidhani viungo vitaingia hadi mfupani. Kufika jikoni, nyama ikawa inamomonyoka kwenye kijiti, na mdomoni ni ukali wa siki tu. Nilikuwa nimekaribisha watu. Niliumia.

Nang alionja kipande, akaniuliza, "Umemloweka kwa saa ngapi?" Huyu ni mama wa Bacolod, kisiwani Negros huko Ufilipino, tuliyefanya naye kazi Doha. Wailonggo, watu wa huko kwao, humwita hivyo dada mkubwa. Akaniambia saa mbili tatu zatosha. Siki na ndimu huanza kuipika nyama kabla haijaona moto.

Viungo ni kitunguu saumu kingi, tangawizi, pilipili manga, chumvi, mchaichai, siki ya nazi na calamansi, kitunda cha jamii ya ndimu. Ukikosa calamansi, changanya ndimu na chungwa kidogo. Siki yao hutokana na tembo la mnazi lililochacha, kwa hiyo uliye Pwani ukipata siki ya mnazi, achana na ya dukani. Mchaichai nao usiukatekate tu. Twanga ile sehemu nyeupe ya chini mpaka harufu ijae nyumba nzima. Bila harufu hiyo, huyo ni kuku wa kuchoma wa kawaida.

Rangi ya machungwa hutoka kwenye mbegu za achuete (annatto). Pasha mafuta kwa moto mdogo, tia mbegu, epua mara rangi inapotoka. Zikiungua mafuta huwa machungu. Nang aliponda ncha ya bua la mchaichai mpaka ikachanua nyuzi, akaitumia kupakia mafuta hayo kila alipogeuza kuku. Tangu siku hiyo brashi yangu ya plastiki sijaigusa.

Mkaa uwe umeshika majivu, usiwe na ndimi za moto. Mafuta yakidondoka moto ukaruka, sogeza vijiti pembeni, usimwagie maji.

Bacolod huagizi kuku, unaagiza kiungo: pecho ni kidari, paa ni paja, isol ni mkia. Mimi nakushauri paja, halikauki upesi. Kamulia calamansi kwenye sosi ya soya na siki, vunjia pilipili mbichi, kisha mimina yale mafuta mekundu juu ya wali wa moto. Kula kwa mkono.