Jibu: Kutembelea Farm 17, Nachingwea, ukitokea Mtwara

Mkuu, umeuliza kama mgeni anaweza kuingia Farm 17, palipokuwa kambi ya mafunzo ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Inawezekana, ila usiende moja kwa moja. Anzia ofisi za wilaya Nachingwea mjini, asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa na kitambulisho cha NIDA (mgeni wa nje, pasipoti), na useme wazi unataka kuona nini. Omba pia mwenyeji wa kukuongoza. Ukifika Jumamosi huenda usipate wa kukupokea.

Kutoka Mtwara panda basi la Masasi, kupitia Mingoyo na Ndanda, karibu kilomita 200. Masasi unabadilisha gari. Hapo zimebaki kama kilomita 45 kufika Nachingwea. Masika ondoka mapema zaidi.

Nachingwea kuna jeshi hadi leo, na hapo ndipo watu hujiponza. Usivae nguo ya madoadoa ya kijeshi, hata kofia au begi, maana raia haruhusiwi. Karibu na geti lolote la kambi simu ikae mfukoni. Ukisimamishwa, simama, salimia, jibu unachoulizwa. Droni iache nyumbani.

Jina Farm 17 lenyewe linatokana na mashamba ya karanga ya Waingereza, yaliyopewa namba miaka ya 1940. Humo ndimo Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alifundisha wapiganaji, kabla Msumbiji haijapata uhuru Juni 25, 1975. Tafadhali tafuta wazee wa pale wakusimulie. Wanazidi kupungua, na wanayoyajua hayajaandikwa kwenye kibao chochote.