Kabla ya kupandisha kifurushi cha intaneti, upime kwanza ukuta wa nyumba yako

Kwa muda wa miezi mitano nililipia kasi ambayo haikuwahi kufika chumbani mwangu. Naishi Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili aliyotuachia babu, na kazi yangu ya kutunza hesabu za hoteli ndogo ndogo za pwani ya mashariki huifanyia juu kabisa, kwenye upepo. Ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, ilikuwa chini ukumbini, nyuma ya kabati la vyombo, kwa sababu hapo ndipo fundi aliyeifunga alipoishiwa na waya na hakuwa na nia ya kurudi siku ya pili. Mazungumzo ya video yalipoanza kukwama niliipigia simu kampuni, nikashauriwa nitoke megabiti 10 niende megabiti 20, nikalipa, na huku juu hali ikabaki vilevile.

Mtu anayetaka kuepuka hasara hiyo aanze kwa kuielewa namba anayouziwa. Kasi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu tu kwa sekunde, na faili la megabaiti 100 litachukua sekunde 40 hata kila kitu kikienda sawa. Shemeji yangu alikuwa tayari amevaa kanzu aende kugombana ofisini kwa sababu kompyuta yake ilionyesha 2.5 badala ya 20, kumbe alikuwa akipata haki yake yote. Litazameni pia neno "hadi" katika matangazo: "hadi megabiti 20" ni dari na si sakafu.

Baada ya hapo ndipo mtu apime, na apime kwa waya. Nilichukua kompyuta mpakato, nikaichomeka kwenye ruta kwa waya wa mtandao, nikawaomba wote nyumbani wazime waifai kwenye simu zao, kisha nikapima mara tatu: baada ya Alfajiri, mchana, na baada ya Isha, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mtu ameshika simu yake. Nilipata 19, 19 na 16. Chumbani kwangu juu, bila waya, nilipata 3. Hapo nikajua kwamba kampuni niliyokuwa nikiilaumu ilikuwa imeufikisha mzigo mlangoni, na aliyekuwa akiula ni nyumba yenyewe. Lau namba za waya zingekuwa ndogo saa zote, ningekuwa na hoja ya kupeleka kwao, tena kwa maandishi yenye tarehe na saa. Na lau zingekuwa nzuri alfajiri lakini zikaporomoka vibaya usiku, maana yake ingekuwa ni msongamano wa njia tunayochangia na majirani.

Yapo pia mambo yaliyo nje kabisa ya uwezo wetu. Sehemu kubwa ya tunachokifungua hutoka mbali kupitia mikongo, yaani nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, na tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu kwa pamoja, hakuna ruta ambayo ingemsaidia mtu.

Turudi kwenye ukuta. Ukuta wetu wa mawe ya matumbawe na chokaa nilioupima una unene wa sentimita 55, na wakati wa masika hunywa maji kama sifongo, na maji ni adui mwingine wa mawimbi ya waifai. Ruta nyingi hutoa masafa mawili. Ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila ina chaneli (njia za kupitishia mawimbi) tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika vichochoro vyetu ambako dirisha linatazamana na dirisha, ruta za majirani wote zinagombania hizohizo. Nilihama kutoka chaneli 6 kwenda 11 nikapata nafuu kidogo. Kuitoa ruta nyuma ya kabati na kuipandisha juu ya rafu kwenye kituo cha ngazi kulinisaidia zaidi: kutoka 3 hadi 8.

Nilinunua pia Darajani kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa ukutani, na sikipendekezi kwa nyumba za aina yetu, kwa kuwa vile vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile moja, na kasi hupungua karibu nusu. Dawa ilikuwa waya. Niliupitisha pembeni mwa ngazi hadi juu, bila kutoboa ukuta, nikaifunga ruta kuukuu iwe kituo cha pili cha waifai, na chumbani nikapata 18. Anayetaka kutoboa ukuta wa nje aulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani mji huu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Hata hivyo, mazungumzo ya video yaliendelea kukatika baadhi ya usiku, na hili lilinichukua muda kulifahamu. Kasi ya kupakia, yaani kupeleka vitu mtandaoni, mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua, yaani kuvileta kutoka huko. Kila tuliporudi harusini, simu tano zilianza kupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa wakati mmoja, na sauti yangu ikawa inasubiri foleni nyuma ya picha za bwana harusi. Tumekubaliana sasa kwamba picha zipelekwe usiku wa manane, na ndani ya ruta nimeipa kompyuta yangu kipaumbele.

Mwezi uliofuata nilirudi kwenye kifurushi cha megabiti 10. Hakuna aliyegundua nyumbani isipokuwa mpwa wangu, ambaye mchezo wake ulitaka nyongeza ya gigabaiti 5 na ukamweka zaidi ya saa moja akiitazama ile mistari ikijaa.