Herufi zinasomeka kinyume ubavuni mwa ndege

SWALI: Mzee, salamu kutoka Arua. Mimi ni mwanafunzi. Nimetengeneza kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, modeli ya ndege aina ya CRJ900 ya Uganda Airlines ili niirushe kutoka Entebbe ndani ya FlightGear, programu ya kuigiza urushaji wa ndege. Ubavu wa kushoto umependeza. Wa kulia, neno Uganda na namba ya usajili inayoanza na 5X vinasomeka kinyume, kama maandishi kwenye kioo. Tena mistari ya rangi ikifika puani inavutika kama uji uliomwagika. Nimepaka upya mara nne. Nakosea wapi?

JIBU: Kijana wangu, acha kwanza kupaka. Picha yako haina kosa. Kilichokosewa ni ramani ya UV, ule mpangilio unaoiambia kompyuta kila kipande cha ndege kichukue rangi sehemu gani ya picha. Ukipaka mara ya tano, herufi zitageuka mara ya tano. Nasema hivyo kwa uchungu, maana ndege yangu ya kwanza ilinila likizo nzima kwa kosa hilihili.

Ulijenga nusu ya kushoto, ukaiachia Mirror, zana ya Blender inayonakili umbo kama kioo, ikuzalie ya kulia. Kwa umbo ni sawa, hata mimi hufanya hivyo. Lakini nusu iliyozaliwa inachota rangi palepale inapochota nusu ya kwanza. Korongo aliyechorwa mkiani akigeuzwa, jicho halishtuki. Herufi zikigeuzwa, hata mtoto wa shule ya msingi anaona.

Mimi nilielewa siku niliyokwenda Entebbe kumpokea mgeni, nikaitazama ndege mbavu zote mbili. Kushoto, U ya Uganda ndiyo iliyo upande wa pua. Kulia, ni ile A ya mwisho. Basi neno moja lililochorwa mara moja haliwezi kutumikia mbavu mbili.

Weka nakala ya faili, kisha bonyeza Apply kwenye Mirror, ili nusu ya kulia iwe umbo halisi la kujitegemea. Chagua poligoni, yaani vipande bapa vinavyounda umbo, za ubavu wa kulia tu, ingia dirisha la UV, uzisogeze mpaka sehemu tupu ya picha. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanahamisha vipande, wanaandika jina, na bado linasomeka kinyume. Vipande vimehama lakini pua yao bado inatazama kushoto. Bonyeza Ctrl na M, halafu X, pua igeukie kulia. Sasa andika jina kama kawaida. Injini na magurudumu, kama hukuviandika kitu, viache vishirikiane picha. Nafasi ni ghali: picha ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula megabaiti 64 za kumbukumbu, ya 2048 kwa 2048 inakula 16.

Ugonjwa wa puani ni mwingine. Chukua chupa ya maji, uizungushie karatasi. Tumboni inalala vizuri. Ukifika mabegani inajikunja, na hutailaza mpaka uikate. Mwili wa CRJ ni tumbo la chupa, pua ni mabega. Wewe uliipachika picha yote kutokea ubavuni, kwa hiyo sehemu zinazotazama mbele zimeambulia pikseli chache, nazo zikavutwa. Weka mshono kuzunguka ndege nyuma ya madirisha ya marubani, na mwingine chini ya kidevu, kisha uifanyie pua Unwrap, yaani kuikunjua ilale bapa kwenye picha, peke yake. Kabla ya hapo bonyeza Ctrl na A, uchague Scale. Kama uliirefusha ndege bila kuthibitisha vipimo, Blender itaifunua kwa vipimo vya zamani na kila kitu kitapinda.

Na usirudishe rangi bado. Blender ina picha yake ya majaribio yenye miraba na namba. Ivalishe ndege hiyo kwanza, uizunguke polepole. Mraba uliorefuka kama tofali ni mahali penye mvuto. Namba iliyogeuka ni mahali penye kioo. Mimi sigusi rangi mpaka namba zote zisomeke.

SWALI: Mzee, niko Jinja. Ndege yangu ikiwa karibu ni safi, ikienda mbali mistari myeupe inatokea kwenye mishono ya mabawa. Na kwa rafiki yangu mwenye Linux, ndege haivai picha kabisa.

JIBU: Ndege ikiwa mbali, kompyuta inatumia nakala ndogo za picha: 2048 inakuwa 1024, kisha 512, hivyohivyo. Kila hatua, rangi ya jirani inasogea karibu na ukingo wa kipande. Kwako jirani ni ile sehemu nyeupe ya picha isiyopakwa rangi. Ipitishe rangi ya bawa nje ya ukingo kwa pikseli 16. Hizo zitakuwa 8, 4, 2, kisha 1, kwa hiyo una hatua nne za usalama. Usiache nyeupe katikati ya vipande.

Kuhusu rafiki yako, angalia jina la faili. Kwa Windows, Bawa.PNG na bawa.png ni kitu kimoja. Kwa Linux ni faili mbili tofauti, na modeli inatafuta ile isiyokuwepo. Andika majina yote kwa herufi ndogo, ndani ya modeli na kwenye folda.